Jina Charles na Safari Yake hadi Mibirizi

Wahenga walisema: jina jema hung'aa gizani. Lakini nuru yake hupungua ikiwa mwenye kulichukua hajui lilikotoka. Katika vilima vya Mibirizi, wilayani Rusizi (Cyangugu ya zamani), ambako Mapadri Weupe walifungua misheni mwaka 1903, ni kawaida mtu kuwa na majina mawili: moja la Kinyarwanda, la pili la ubatizo. Wapo wanafunzi wadhanio kwamba la pili ndilo lenye hadhi, na la kwanza ni la nyumbani tu. Dhana hiyo yafaa kupimwa kwa mizani ya historia. Natutwae jina moja, Charles, ambalo Wanyarwanda huliita Karoli.

Jina hili huhesabiwa kuwa la Kiingereza, lakini Waingereza wenyewe walilipokea kutoka Ufaransa. Asili yake ni neno la kale la makabila ya Kijerumani, lililokuwa na maana ya mwanamume, au mtu huru asiye wa ukoo wa kifalme. Neno hilo halikutoka katika Biblia, na lilitumika kabla makabila hayo hayajabatizwa. Lilipata utukufu kwa sababu ya mtu mmoja, Karoli Mkuu, mfalme wa Wafaranki, aliyevikwa taji la ukaisari mjini Roma siku ya Krismasi mwaka 800. Sifa zake zilienea mno hata Wapolandi na Warusi wakalifanya jina lake kuwa neno lao la kumwita mfalme yeyote. Kinyume chake, huko Uingereza neno la asili hiyo hiyo lilishuka daraja, likawa la kumtaja mtu asiye na adabu. Charles lenyewe lilistawi huko hasa katika karne ya 17, walipotawala wafalme wawili wa jina hilo. Wa kwanza wao alikatwa kichwa mwaka 1649.

Lilifikaje kwetu? Mwanzilishi wa Mapadri Weupe, Kardinali Lavigerie (1825–1892), aliitwa Charles. Huko Buganda, Lwanga, mkuu wa vijana watumishi katika ikulu ya Kabaka Mwanga, alibatizwa kwa jina hilo Novemba 1885, akachomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Kisha, tarehe 17 Oktoba 1943, Mwami Mutara wa Tatu Rudahigwa alibatizwa, akaitwa Charles Léon Pierre. Hivyo mfalme wa Rwanda alitwaa jina ambalo hapo mwanzo lilikuwa la mtu wa kawaida.

Sasa tuyatazame majina ya nyumbani. Kwa desturi ya Wanyarwanda, mtoto hupewa jina siku ya nane, nalo huwa lake mwenyewe, si lazima awe nalo baba yake wala ndugu zake. Habimana maana yake ni Mungu yupo. Hakizimana, Mungu ndiye aponyaye. Habyarimana, Mungu ndiye azaaye. Jina Imana lilikuwamo vinywani mwa wazee kabla ya misheni ya kwanza kujengwa. Basi tukiuliza ni jina lipi linalomtaja Mungu waziwazi, Habimana au Charles, jibu halina utata.

Hatusemi haya ili kulidharau jina la ubatizo. Twasema tu kwamba Charles halikuzaliwa takatifu, bali lilitakaswa na maisha ya waliolichukua. Yaliyowezekana kwa neno la Kijerumani yamewezekana pia kwa maneno ya Kiafrika. Kizito, jina la Kiganda la kijana mdogo kuliko wote katika mashahidi wa Namugongo, leo ni jina la ubatizo Rwanda, Kenya na Tanzania. Hata sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inataka tu jina lisiwe geni kwa maadili ya Kikristo, ilhali ile ya mwaka 1917 iliagiza mtoto apewe jina la Kikristo.

Basi sisi walimu, tunapoita majina darasani asubuhi, tuyatamke yote mawili kwa ukamilifu na kwa heshima moja. Na mtoto atakapouliza maana ya Charles, tumjibu. Kisha tumwagize awaulize wazazi wake maana ya lile walilompa wao.