Kiongozi, Mali Yake na Sanduku Letu: Historia Fupi

Kikundi chetu kimefika mwaka wa kumi. Akina mama wenzangu, na nyote mliotuunga mkono, kamati imeniomba niandike historia kidogo. Mimi elimu yangu ni ya darasa la saba, lakini swali hili nimeishi nalo: kiongozi tuliyemchagua, tuna haki ya kujua nini juu yake, na kipi tumwachie mwenyewe?

Swali si geni nchini. Mwaka 1967 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha tarehe 26 hadi 29 Januari, na Azimio likatangazwa tarehe 5 Februari. Sisi tuliosoma Siasa shuleni tulikaririshwa masharti yake: kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Tena kiongozi ikawa ni mtu pamoja na mkewe, au mwanamke pamoja na mumewe. Yaani masharti yaliingia mpaka chumbani.

Hapo akina mama tuna la kukumbuka. Bibi Titi Mohamed, aliyehamasisha wanawake kujiunga na TANU wakati wa kudai uhuru na baadaye akaongoza UWT, alikuwa na nyumba za kupangisha. Hakukubaliana na Azimio, akajiuzulu. Wapo waliomlaumu. Lakini jamani, kwa wanawake wengi nyumba ya kupangisha ndiyo pensheni ya uzeeni. Aliambiwa achague, naye akachagua peupe.

Mwaka 1991 CCM ilikutana Zanzibar ikalegeza masharti yale. Basi, kama kiongozi anaruhusiwa kuwa na mali, wananchi watajuaje ameipata wapi? Mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Viongozi, wakiwemo wabunge wanaokutana hapa kwetu Dodoma, wakatakiwa kujaza fomu ya mali na madeni yao, ya wenzi wao na ya watoto wao wadogo: wanapoingia madarakani, kila mwisho wa mwaka, na wanapoondoka. Fomu inakwenda kwa Kamishna wa Maadili, haibandikwi ukutani. Vyombo vya nyumbani havikuhesabiwa. Mwaka huo huo Rais Benjamin Mkapa alipoingia Ikulu alitangaza mali yake hadharani kwa hiari yake.

Sasa nije kwetu. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa wanachama watatu. Hisa tunahesabu mbele ya wote. Tulidhani hiyo inatosha.

Mwaka wetu wa nne, mweka hazina wetu wa wakati ule alichukua mkopo mkubwa. Maneno yakaanza bombani na kwenye mashine ya kusaga. Mkutanoni akaambiwa aseme hela kapeleka wapi. Akanyamaza. Mmoja akasema mficha maradhi kifo humuumbua. Na mimi mwenyekiti, kwa kuogopa nisionekane namkingia kifua, nikasema kapeleka hospitali, na ugonjwa nikautaja. Alikuwa ameniambia mimi peke yangu.

Mwenzetu yule hakuiba hata senti. Alilipa mkopo na riba kabla ya siku yake. Lakini mkutano uliofuata alirudisha ufunguo, na maandazi yake yakakosa wanunuzi. Nilimwendea nyumbani kuomba radhi. Akanipa uji, akasema: "Mama Mwenyekiti, mngetaka kuona daftari ningewaonyesha."

Neno lile ndilo tuliloliandika katika katiba yetu. Mkopo wa kiongozi unasomwa wa kwanza: kiasi, tarehe, wadhamini na marejesho. Kiongozi hakai kwenye kikao kinachopitisha mkopo wake. Shabaha inatajwa kwa neno moja tu: kilimo, biashara, ada au matibabu. Akishindwa kazi aseme ameshindwa, tumchague mwingine, halafu kinachomsumbua kibaki kwake. Najua mtu anaweza kujificha nyuma ya neno "matibabu". Ndiyo maana tunakagua marejesho yake, siyo mwili wake.

Kwa viongozi wetu wakubwa nami nasema hivyo hivyo. Mali anayoipata akiwa ameshika dhamana yetu, tuione. Ugonjwa wake na ya ndoa yake, tuyaache mpaka yaguse kile tulichomkabidhi.

Habari hii nilimsomea kwanza mwenyewe. Ameruhusu iandikwe, mradi nisitaje jina wala ugonjwa. Bado ni mwanachama, na hisa zake zimezidi zangu. Uongozi tumemwomba mara mbili, amekataa. Hilo ni deni langu, wala halimo kwenye daftari.

 

Mwenyekiti