Leso, Buibui na Kanzu: Mavazi na Ufundishaji wa Lugha katika Mji wa Kale, Mombasa

Neno leso ni masalio ya Wareno, walioanza kujenga Ngome ya Yesu kisiwani Mombasa mwaka 1593 na kuondolewa humo mwaka 1698. Kwao lilikuwa jina la kitambaa cha mkononi. Husimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo kabla havijakatwa, wakaviunganisha sita sita kuwa vazi moja. Baadaye biashara ilileta nguo iliyokwisha kupigwa chapa nzima, yenye pindo na mji wake, lakini Mombasa haikuliacha jina la kwanza. Unguja watu walisema kanga. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyokuja kumtatiza mwalimu.

Zamani mtoto wa kike wa Mji wa Kale alipelekwa chuoni akasoma Kurani, lakini wazee wengi hawakuridhia afundishwe kuandika, wakichelea kwamba ataandikiana barua na wanaume. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, alikuwa miongoni mwa waliotetea elimu ya wasichana; Shule ya Wasichana wa Kiarabu ilifunguliwa mwaka 1938. Katika hali hiyo leso ilikuwa miongoni mwa maandishi machache ya Kiswahili yaliyoingia hadi jikoni bila kuombewa ruhusa. Duka la Kaderdina Hajee Essak, ambaye chapa yake ni “Mali ya Abdulla”, ndilo linalotajwa mara nyingi kuwa chimbuko la kutia methali katika nguo hizo mwanzoni mwa karne ya 20. Maneno hayo, yaitwayo jina la leso, yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa za Kirumi.

Jina la leso halimtaji anayesemwa. Msomaji hana budi kujua nani kalivaa, mbele ya nani, na siku gani. Jirani akilielewa hujibu kwa leso nyingine. Msichana aliyekulia humo alijifunza mapema kwamba kusema si kutamka maneno tu, bali ni kufumba na kufumbua. Hilo ni somo la mazungumzo ambalo vitabu vingi vya darasani havijalifikia.

Mavazi yanafaa pia kufundishia sarufi, na hapa ndipo penye utajiri mkubwa zaidi. Vitenzi vya kuvaa karibu vyote vina kinyume chake ndani ya mzizi: vaa na vua, funga na fungua, tanda na tandua, kunja na kunjua. Mwanafunzi mdogo akipewa leso mkononi, huitenda kauli hiyo kabla hajaijua kwa jina. Kadhalika upatanisho wa ngeli. Buibui ni mdudu na ni vazi. Kanga ni ndege na ni vazi. Buibui ametanda utando, lakini buibui la mama limechanika. Kanga ameruka, lakini kanga imechakaa. Kosa la mtoto hapo huchekesha darasa zima, na kicheko hicho hukumbukwa kuliko jedwali la ngeli.

Historia haikosi kujitokeza katika mavazi hayo. Mbele ya buibui kulikuwa na shiraa, vazi pana mfano wa hema, lililowasitiri waungwana huku likishikiliwa na watumwa. Watumwa wenyewe hawakuruhusiwa kujifunika. Utumwa ulipofutwa pwani ya Kenya mwaka 1907, waliokuwa wamekatazwa nao wakaanza kujitanda buibui. Mwalimu akilifundisha neno buibui kama jina la nguo nyeusi tu, amefundisha nusu.

Mwaka 1928 mkutano wa nchi za Afrika Mashariki ulifanyika papo hapo Mombasa, ukachagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita, ambacho Krapf alikiegemea sana katika kamusi yake iliyotoka mwaka 1882, kikabaki nyumbani. Katika usanifu leso ni kitambaa cha kufutia jasho au kamasi. Mtoto wa Kibokoni anayeandika kwamba mama yake amejifunga leso huonekana amekosea, ilhali ameandika vile alivyosikia tangu kuzaliwa. Jambo hilo lilizidi uzito tangu mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipokifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa.

Kwa kanzu hakuna ugomvi wa namna hiyo. Hatari yake ni kusahauliwa: badani, taharizi, kikwapa na kaba ni maneno ambayo fundi wa kushona huyatumia kila siku, na mwanafunzi aliyevaa kanzu hiyo Ijumaa huenda asiyajue hata moja. Fundi huyo afaa kualikwa darasani na mkasi wake. Na mwalimu anayetandaza leso mezani aandike ubaoni majina yote mawili, la mtihani na la nyumbani, akianza na lile ambalo mtoto alikuja nalo.