Samaki Asiyeuzwa wa Maziwa ya Maine

Katika jimbo la Maine, kona ya kaskazini-mashariki ya Marekani inayopakana na Kanada, wako watu wanaojipatia riziki kwa kuwapeleka wageni kuvua samaki juu ya maziwa yaliyoganda. Mgeni hulipia siku nzima. Mwongozaji humtobolea matundu, humtegea mishipi, humwashia jiko kibandani, humwonyesha pa kukanyaga na pa kuepuka, na jioni humrudisha nchi kavu akiwa salama. Wanachokifuata ni trauti na samoni, samaki ambao hoteli yoyote ya mjini ingewanunua kwa bei nzuri. Lakini samaki huyo akishatolewa tunduni hana bei. Mgeni haruhusiwi kumuuza, wala mwongozaji. Hupikwa akaliwa, au hurudishwa majini. Watu wengi hulitazama katazo hili kama kanuni ndogo iliyobandikwa pembeni mwa mchezo. Mimi naliona kuwa ndilo chanzo cha kazi yenyewe. Ujuzi wa kuvua chini ya barafu ulikuwapo karne nyingi kabla ya mwongozaji wa kulipwa, ila ujuzi huo haukuwa na mnunuzi maadamu samaki mwenyewe aliweza kununuliwa.

Ujuzi wenyewe si haba. Maji huwa mazito kuliko yote yakifikia nyuzi 4 za selsiasi; yakipoa zaidi ya hapo huwa mepesi na kupanda juu, ndiyo maana ziwa hugandia juu na kubaki hai chini. Chini ya barafu kila samaki ana mahali pake. Samoni hukaa karibu na dari, pengine mita moja hadi tatu tu chini ya miguu ya mvuvi, akiwawinda smelti, vidagaa wembamba wa rangi ya fedha ambao ndio chakula chake kikuu. Trauti wa vijito hupendelea kandokando, penye maji machache. Trauti wa maziwa, ambaye wenyeji humwita togue, hushuka kilindini. Mtu asiyejua haya anaweza kutoboa matundu siku nzima akaishia kunywa kahawa. Mtego wenyewe ni fremu ya mbao inayolazwa juu ya tundu. Kigurudumu cha mshipi huzamishwa majini ili mshipi usigande. Samaki akivuta chambo, kigurudumu huzunguka na kukifyatua kibendera, nacho kikasimama wima kikionekana kutoka mbali. Halafu kuna barafu. Barafu safi yenye unene wa sentimita 10 humbeba mtu anayetembea kwa miguu. Ile nyeupe, iliyotokana na theluji iliyolowa, nguvu yake ni kama nusu ya hiyo, na penye mlango wa kijito au mkondo barafu huwa nyembamba hata katikati ya Februari. Kwa macho ya mgeni yote hayo ni uwanja mmoja mweupe.

Wa kwanza kuujua uwanja huo walikuwa Wawabanaki, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, wakiwamo Wapenobscot na Wapassamaquoddy. Walivua kwenye barafu kwa sababu majira ya baridi yalikuwa marefu na watu walihitaji kula. Hapa ndipo penye pingamizi la kwanza dhidi ya hoja yangu. Mwenye kuijua historia ya Maine atasema kwamba wenyeji hao waliuza ujuzi wao zamani, kabla ya sheria yoyote ya samaki. Ni kweli. Mwandishi Henry David Thoreau alipotembelea misitu ya Maine mwaka 1853 aliongozwa na Joe Attean, Mpenobscot, na mwaka 1857 akaongozwa na Joe Polis, Mpenobscot mwingine, aliyelipwa dola moja na nusu kwa siku na senti 50 kwa juma kwa ajili ya mtumbwi wake. Safari zote mbili zilipita ziwa Moosehead, ambalo ndilo kubwa kuliko yote katika jimbo hilo. Lakini tutazame alichonunua Thoreau. Alinunua njia: mtumbwi, mapito ya kubebea mizigo kati ya ziwa na ziwa, na mtu wa kumtoa msituni. Tena alisafiri Julai na Septemba. Hakuna aliyemlipa Polis amfundishe kutoboa barafu, kwa kuwa aliyetaka samaki wa majira ya baridi aliweza kumpata sokoni. Baridi ilimgandisha samaki bure, sleji ilimvuta juu ya theluji, na reli zilipoenea zikamfikisha mijini akiwa mgumu kama kipande cha mbao.

Biashara hiyo, pamoja na mabwawa ya viwanda vya mbao yaliyoziba mito, ndiyo iliyowatia watu hofu. Mwaka 1867 Maine iliteua makamishna wake wa uvuvi, mmoja wao akiwa Charles Atkins, mtu ambaye kwa maoni yangu anastahili kukumbukwa zaidi kuliko wavuvi maarufu wote wa zama zake. Wakati huo samoni wa ziwani, aina ya samoni asiyekwenda baharini, aliishi kiasili katika maeneo manne tu ya Maine: Sebago, Sebec, Green Lake na West Grand Lake. Mwaka 1875 kituo cha kutotolea mayai yake kilianza kazi Grand Lake Stream chini ya Atkins, na kutoka hapo vifaranga na mayai vikasambazwa ziwa hadi ziwa. Leo samoni huyo yumo katika maziwa zaidi ya 150 ya Maine, na tangu mwaka 1969 ndiye samaki rasmi wa jimbo. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya samoni wanaovuliwa leo chini ya barafu ni kizazi cha samaki waliopandwa kwa fedha za umma. Wanaodai kwamba hayo ni maji ya porini yasiyoguswa na mkono wa mtu hawajaisoma historia yake.

Serikali iliyotumia fedha za watu kupanda samaki haikuweza kumwachia mfanyabiashara awavune kwa sleji. Mwishoni mwa karne ya 19 sheria za Maine zilipiga marufuku uvuvi wa samoni wa ziwani, trauti na togue kwa miezi kadhaa ya mwaka, kisha zikaacha mlango mmoja wazi: Februari, Machi na Aprili, raia wa jimbo waliruhusiwa kuvua na kupeleka samaki nyumbani kwao, na si kwingineko. Sheria haikatazi lisilotendwa. Iliposema "si kwingineko" ilikuwa ikimjibu mtu aliyekuwa akipakia samaki kwenye reli. Kwa kifungu hicho majira ya baridi yakawa ya sufuria ya mwenyeji, na majira ya joto, barafu ikishayeyuka, yakawa ya mgeni wa hotelini mwenye fimbo ya kuvulia. Pale wenye hoteli walipokuwa na sauti zaidi, barafu ilifungwa kabisa. Rangeley Lake, kitovu cha zamani cha wageni wa majira ya joto, hadi leo haliruhusiwi kuvuliwa likiwa limeganda.

Kwa nini basi katazo la kuuza lilishika Maine, wakati kwingineko makatazo kama hayo yalivunjwa kila usiku? Jibu, naamini, liko nyuma zaidi. Mwaka 1641 koloni la Massachusetts, ambalo baadaye liliitawala Maine hadi ilipojitenga kuwa jimbo mwaka 1820, liliandika kwamba maziwa makubwa ni ya watu wote, na kila mkazi mwenye kaya ana haki ya kuvua humo. Agizo la mwaka 1647 likaongeza haki ya kupita kwa miguu juu ya ardhi ya mtu ili kuyafikia. Ziwa kubwa lilihesabiwa kuwa lolote linalozidi ekari 10. Kanuni hiyo bado inafanya kazi. Uingereza, walikotoka walowezi hao, mwenye ardhi aliweza kuumiliki mto pamoja na haki ya kuvua ndani yake, na maskini aliyevua trauti aliitwa mwizi. Maine hapakuwa na bwana wa ziwa. Mwenyeji aliyekatazwa kuuza samaki hakuambiwa kwamba samaki ni wa tajiri fulani. Aliambiwa ni wake na wa jirani yake, ale asiuze. Katazo la namna hiyo hubebeka. Na mtu aliyekuwa hodari wa kuvua, ambaye jana alilipwa kwa pauni za samaki, alibakiwa na kitu kimoja tu cha kuuza: kujua samaki yuko wapi.

Mwaka 1897 jimbo likakitambua kitu hicho kwa maandishi. Bunge la Maine lilipitisha sheria ya kuwaandikisha waongozaji wote wa wavuvi na wawindaji, na mwaka huo waliandikishwa 1,316. Leseni ya kwanza alipewa mwanamke, Cornelia Thurza Crosby, mwandishi wa magazetini aliyeitwa Fly Rod, ambaye katika miaka hiyo alilipwa na kampuni ya reli kuitangaza misitu ya Maine kwenye maonyesho mjini New York. Kuna wanaomwona kama mpiga debe wa reli tu. Lakini Crosby alitetea pia kupunguza idadi ya samaki wanaochukuliwa, na alielewa mapema kwamba ziwa lenye samaki humlipa mwenyeji mara nyingi, lakini pipa la samaki humlipa mara moja. Uandikishaji nao ulifanya zaidi ya kuwapa watu vyeti. Uliwatia waongozaji upande wa sheria, kwa sababu mwenye leseni alikuwa na la kupoteza akivunja kanuni.

Pingamizi la pili husema kwamba kazi ya kuongoza juu ya barafu ni tunda la mashine. Joseph-Armand Bombardier wa Quebec alianza kuuza Ski-Doo, pikipiki ya theluji, mwaka 1959, na keekee ya injini ikachukua nafasi ya mtaimbo uliokuwa ukitoboa barafu kwa nguvu za mabega. Kabla ya hapo mgeni gani angetembea kilomita kadhaa juu ya ziwa katika upepo wa Januari? Nakubali kwamba bila mashine hizo wageni wangekuwa wachache, na kwamba kazi ya majira ya baridi ilikua hasa baada yake. Ila mashine humfikisha mtu kwenye samaki. Haimpi sababu ya kumlipa mtu mwingine. Tena mashine ileile ingeweza kurudisha biashara ya zamani, ikavuta samaki wengi kuliko sleji yoyote. Haikufanya hivyo kwa sababu soko lilikuwa limefungwa, na kwa sababu mvuvi mmoja sasa haruhusiwi kutega zaidi ya mishipi 5. Mwenye mishipi mitano hana budi kujua aiweke wapi, na hapo ndipo mwongozaji anapopata mkate wake.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi, na sina nia ya kulipunguza. Sheria hizi ziliwakuta watu waliokuwa hapo kabla yake. Mwaka 1892, katika kesi ya State v. Newell, mahakama kuu ya Maine iliamua kwamba Wapassamaquoddy wanabanwa na sheria za uwindaji za jimbo kama mtu mwingine yeyote, bila kujali mikataba ya kale waliyoitegemea. Watu waliofundisha wengine kuishi kwenye maziwa hayo wakawa wakosaji kwa kujilisha nje ya miezi iliyopangwa na bunge ambalo hawakulichagua. Mwaka 1980 sheria za maridhiano kati ya mataifa hayo na serikali ziliwarudishia Wapenobscot na Wapassamaquoddy haki ya kuvua kwa ajili ya chakula chao ndani ya mipaka ya maeneo yao. Ni marekebisho madogo yaliyochelewa karibu miaka 90. Hata hivyo dhuluma hiyo inaonyesha kasoro katika kumtaja nani ni "watu wote", haionyeshi kwamba ziwa la watu wote lilikuwa wazo baya. Wawabanaki wasingepata nafuu kama maziwa yangekuwa ya hoteli.

Afrika Mashariki inao mfano wa samaki wa ukoo huohuo bila msingi huo wa ziwa la watu wote. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta Kenya mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Uskoti, na vifaranga wake wakatiwa mto Gura katika milima ya Aberdare. Utaalamu wa kutotolesha na kusafirisha mayai ulikuwa wa aina ileile aliyoitumia Atkins. Samaki alishika, mito ikajaa. Lakini uvuvi wake ukawa burudani ya walowezi kwa leseni, katika nchi ambayo mwenyeji alikuwa akinyang'anywa ardhi yenyewe, na hakuna aliyemwambia mkazi wa kando ya mto kwamba trauti ni wake. Samaki wa ukoo mmoja, sheria zinazofanana juu juu, matokeo mawili.

Leo anayetaka kuongoza wageni kwa malipo huko Maine hufanya mtihani wa maandishi na wa mdomo, akiulizwa ramani, dira na namna ya kumtafuta mtu aliyepotea. Kumbukumbu za siku barafu inapoondoka Moosehead zimeandikwa tangu mwaka 1848, na zinaonyesha kwamba siku hiyo inazidi kuwahi, hivyo majuma ya kazi yanapungua na barafu ya pembezoni haiaminiki kama zamani. Hilo linamfanya mwongozaji ahitajike zaidi. Katika miji ya Portland na Lewiston wanaishi sasa watu wengi waliotoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili kinasikika madukani. Huenda wapo kati yao wanaodhani kwamba wavuvi wanaowaona juu ya ziwa lililoganda wako kwenye mali ya mtu. Haki ya mwaka 1641 haikuishia kwa wazao wa walioiandika, na mtoto aliye chini ya miaka 16 hahitaji hata leseni ili kutega mshipi wake. Waulizeni wenyeji unene wa barafu kwanza, kisha nendeni mkavue.