Pa Kuanzia Habari za Gor Mahia

Mwaka mmoja, katika muhula wa pili, kijana wa kidato cha pili alinijia mezani na daftari mkononi na haya usoni. Shule yetu ilikuwa karibu na Awendo, katika Kaunti ya Migori, mahali ambapo upande mmoja wa barabara ni miwa na upande wa pili ni miwa vilevile. Kijana huyo alikuwa amepewa na binamu yake wa Nairobi vitabu vitatu vya hadithi za picha, majalada yake yamechanika, vyenye kueleza matendo ya Silver Surfer, yule shujaa mwenye mwili wa rangi ya fedha asafiriye juu ya ubao kati ya nyota. Alivisoma vyote akachanganyikiwa. Katika kitabu cha kwanza shujaa alikuwa mtumishi. Katika cha pili alikuwa mfungwa. Katika cha tatu alikuwa akimlilia mpenzi wake aliyebaki katika dunia nyingine. "Mwalimu," akaniuliza, "mtu huanza wapi kumsoma huyu?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba anipe siku chache, na kwa kuwa mwalimu aliyeulizwa swali na mwanafunzi hana raha mpaka ajibu, nililitafuta. Nikaona kwamba Silver Surfer hakuanza katika kitabu chake mwenyewe. Alionekana kwanza mwaka 1966, katika toleo la 48 la jarida la Fantastic Four, akipita tu katika hadithi ya watu wengine. Tena mwandishi, Stan Lee, hakuwa amemtaja. Mchoraji, Jack Kirby, ndiye aliyemwingiza katika picha kwa fikira zake, akidhani kwamba jitu lenye nguvu kama Galactus, lilalo dunia nzima kama sisi tulavyo ugali, halikosi kuwa na tarishi wa kulitangulia. Miaka miwili ikapita kabla shujaa hajapata jarida lake, mwaka 1968, na hapo ndipo wasomaji walipoelezwa asili yake: kwamba alikuwa mtu wa kawaida katika dunia yake, akakubali kumtumikia Galactus ili dunia hiyo isiliwe. Jarida lile lilitoka mara 18 tu, likakoma mwaka 1970.

Basi nilimwambia kijana aanze na mlango ule wa 1966, ingawa si mwanzo wa maisha ya shujaa. Asili yake aisome baadaye, atakapokuwa na haja ya kuijua. Akaridhika, akaenda zake. Mimi ndimi niliyebaki na swali, kwa kuwa juma lile nilikuwa nikitayarisha somo juu ya Nyanza ya Kusini, na mbele yangu palikuwa na jina la mtu ambaye sikujua pa kuanzia habari zake.

Jina la Gor Mahia halina haja ya kuelezwa kwa mtoto yeyote wa Kenya, lakini wengi hulijua kwa njia ya mpira. Timu ya Gor Mahia iliundwa mwaka 1968 kwa kuunganishwa Luo Union na Luo Stars, na mwaka 1987 ilitwaa Kombe la Washindi la Afrika mbele ya Espérance ya Tunis. Washabiki wake hupaza sauti wakimwita Gor mwana wa Ogada, mjukuu wa Ogalo, na kwa sababu hiyo timu huitwa K'Ogalo. Angalia jambo hilo, msomaji. Watu elfu nyingi uwanjani, wengine wao si Wajaluo, wataja kwa sauti kuu baba na babu wa mtu wa Kanyamwa, katika sehemu za Ndhiwa, Kaunti ya Homa Bay, na ukiwauliza Kanyamwa ni wapi, wengi hawatakuonyesha.

Yasemekana kwamba Gor alikuwa mganga mkubwa, na jina Mahia lahusu maajabu yake. Husimuliwa kwamba aliweza kujigeuza umbo: adui zake wakija kumkamata humkuta mtoto, au mwanamke, au mnyama, au hawakuti kitu ila jiwe. Kila mzee ana hadithi yake, na hadithi hizo hazifuatani. Hakuna toleo la kwanza wala la pili. Mwanafunzi anayetaka kuzipanga kwa utaratibu, tangu kuzaliwa kwa shujaa hadi kufa kwake, atapotea kama alivyopotea kijana wangu na vitabu vyake vitatu.

Nakiri kwamba mimi mwenyewe nilianza vibaya. Nilipokuwa katika chuo cha walimu tuliagizwa wakati wa likizo twende vijijini tukaandike masimulizi. Nikapanda gari kutoka Rodi Kopany kwenda Ndhiwa, nikafikishwa kwa mzee mmoja aliyesifiwa kwa kumbukumbu zake. Nilimsalimu kama ipasavyo, nikamwita Jaduong', nikapewa kiti na chai. Kisha nikafungua daftari, nikamwuliza swali langu la kwanza: "Jaduong', je, ni kweli kwamba Gor aligeuka jiwe?" Mzee akaviangalia viatu vyangu, akaiangalia kalamu, akasema, "Wewe ndiwe uliyesoma, mwanangu. Niambie wewe." Tulizungumza habari za mvua na bei ya mahindi mpaka jua likashuka. Nilikusudia kurudi na maswali yaliyo bora. Niliporudi, baada ya mwaka na miezi, nilionyeshwa kaburi lake nyuma ya nyumba, udongo wake bado haujaota majani. Yale aliyoyajua sikuyaandika mimi, wala sijui kama aliyaandika mtu mwingine.

Tangu siku hiyo nimekuwa na shaka na swali lile la kweli au uwongo, likiulizwa kwanza. Si kwamba halina maana katika historia. Lina maana kubwa. Lakini ni swali la kuulizwa ndani ya nyumba, na mimi nililiuliza mlangoni.

Kwa hiyo nawapeni mlango mwingine, nao ni nchi yenyewe. Kabla hujasoma habari za Gor, nenda Thimlich Ohinga, katika sehemu za Nyatike, Kaunti ya Migori. Ikiwa huwezi kwenda, tafuta picha zake. Utaona kuta za mawe, nyingine zapita kimo cha watu wawili, zimepangwa jiwe juu ya jiwe bila chokaa wala udongo wa kushikiza, nazo zimesimama. Milango yake ni mifupi na myembamba, hata aingiaye hana budi kuinama, na mtu aliyeinama si hatari kwa aliye ndani. Wataalamu wahesabu kwamba zilijengwa katika karne ya 16, na mwaka 2018 zilitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Nimewasikia wanafunzi wakisema kwamba Gor alizijenga kwa uchawi wake usiku mmoja. La, sivyo, zilikuwako zamani kabla yake, na watu wa asili mbalimbali, Wabantu na Waniloti, waliishi humo kwa zamu, wakizitengeneza walipozikuta zimebomoka. Tena si peke yake: boma za namna hiyo zimehesabiwa katika mahali zaidi ya mia moja katika nchi ile. Watu hawabebi mawe mengi kiasi hicho ila kwa hofu ya kweli. Walihofu wanyama wakali, na walihofu wezi wa ng'ombe, na jirani wa leo aliweza kuwa mvamizi wa kesho.

Ukiisha kuziona kuta hizo, hadithi ya mtu asiyekamatika yaanza kusikika vingine.

Sasa fuata mlango wa pili, ambao ni wa karatasi. Nchi hiyo ilihesabiwa na Waingereza kuwa sehemu ya Uganda mpaka mwaka 1902, ndipo ilipotiwa katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Kusini yake kidogo tu walikuwako Wajerumani. Waingereza waliweka kituo Karungu, ufuoni mwa ziwa, kisha makao ya wilaya yakawa Kisii mwaka 1907. Jirani wa Kanyamwa, yaani Abagusii, walionja nguvu ya serikali hiyo mpya. Mwaka 1905 walipelekewa askari, na mwaka 1908, baada ya Otenyo kumchoma mkuki afisa aliyeitwa Northcote, walipelekewa wengine. Nyumba zikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa, na watu wengi wakauawa. Wakati huo Gor alikuwa mtu mwenye amri Kanyamwa, naye hakupigana. Alitambuliwa na Waingereza kuwa chifu.

Hapa vijana hushtuka. Darasani kwangu palizuka ghasia: mmoja alisema kwamba shujaa hawezi kuwa chifu wa Mwingereza, na mwingine, msichana wa Kanyamwa kwa upande wa mama, alijibu kwa hasira kwamba nyumba za kwao hazikuchomwa. Sikuwanyamazisha. Nilimwona yule kijana wa vitabu vya picha akiinua mkono taratibu. Akasema, "Mwalimu, huyu ni kama yule wa ubao. Alikubali kumtumikia mla-dunia ili kwao kusiliwe." Darasa halikumwelewa, ila mimi nilimwelewa, nikamwambia aendelee. Akasema kwamba hata katika kitabu chake hakuna aliye na hakika kama shujaa alifanya vema, kwa maana dunia nyingine ziliendelea kuliwa.

Sitaki kusema kwamba Gor alifikiri hivyo moyoni mwake. Mwanahistoria hana ruhusa ya kuingia moyoni mwa mtu bila ushahidi. Lakini nina maoni yangu, nayo ni maoni tu. Mtu aliyetawala mahali pale, kati ya jirani wenye mikuki na serikali yenye bunduki, alilazimika kuwa mtu mmoja kwa huyu na mwingine kwa yule. Mbele ya afisa alikuwa chifu. Mbele ya watu wake alikuwa mganga. Mbele ya adui alikuwa jina la kutisha. Watu waliosimulia kwamba aligeuka mtoto, mwanamke na jiwe, huenda walikuwa wakieleza jambo walilolitazama kila siku kwa macho yao.

Vitabu navyo vipo. Paul Mboya, aliyekuwa chifu wa Karachuonyo, aliandika kwa Kijaluo kitabu chake Luo Kitgi gi Timbegi, kilichotoka mwaka 1938, juu ya desturi na mwenendo wa watu wake. Mwaka 1967 Profesa Bethwell Ogot alitoa historia yake ya Wajaluo wa kusini, kazi iliyojengwa juu ya masimulizi ya wazee, akiyalinganisha ukoo kwa ukoo na kuhesabu vizazi ili kupata miaka. Walikuwako wasomi wa siku zile waliodhani kwamba pasipo maandiko hapana historia. Ogot aliwajibu kwa kazi. Kitabu chake ni kizito kwa kidato cha pili, na sioni aibu kusema kwamba mara ya kwanza kilinishinda. Msianze nacho. Kiendeeni mkiisha kuwa na swali moja la kwenu ambalo mzee wa nyumbani ameshindwa kulijibu.

Na mzee wa nyumbani asiulizwe kama nilivyouliza mimi. Mwulize kwanza ni nani aliyemsimulia hadithi hiyo, na walikuwa wakifanya nini siku hiyo, na kwa nini msimulizi aliikumbuka. Mengine yatakuja yenyewe.

Likizo ya Agosti kijana wangu alikwenda kwa bibi yake, upande wa Ndhiwa, akachukua daftari. Nilimpa maswali matatu, na nilimkataza kuuliza juu ya jiwe. Aliporudi alikuwa na ukurasa mmoja tu, umeandikwa kwa Kijaluo, umejaa mistari iliyokatwa. Gor hakutajwa mpaka karibu na mwisho. Ukurasa ulianza na mama wa bibi huyo, msichana mdogo, amefichwa ndani ya ghala la mtama kwa sababu mbwa walikuwa wakibweka upande wa Kisii, naye alikuwa akikohoa, na shangazi yake alimziba kinywa kwa kiganja akamnong'oneza kwamba asiogope, Gor amekwisha kuwaona wale watu, naye amesimama njiani amekuwa kichuguu.