Chuo, Darsa na Darasa: Kufundisha Watoto wa Umri Mbalimbali Katika Pwani

Mwalimu wa shule ndogo ya kijijini aliyekabidhiwa watoto wa darasa la kwanza, la pili na la tatu katika chumba kimoja hulihesabu jambo hilo kuwa ni upungufu tu: upungufu wa walimu, au wa vyumba, au wa vyote viwili. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba katika pwani ya Afrika ya Mashariki mpango wa namna hii ulikuwa ndio kanuni, na kwamba ushahidi wake umo katika maneno yetu wenyewe.

Tuanze na neno chuo. Katika Kiswahili cha karne ya 19, kama Edward Steere alivyokiandika huko Unguja, chuo, wingi vyuo, ni kitabu. Mahali pa kusomea paliitwa kwa jina hilo hilo, na mwanachuoni ni mtu wa kitabu. Mtoto aliyetiwa chuoni, basi, hakutiwa katika kundi la watoto wa umri wake. Alitiwa katika kitabu. Swali lililomhusu halikuwa "una miaka mingapi?" bali "umefika wapi?"

Mpango wa kazi ulifuata swali hilo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye Desturi za Wasuaheli ilichapishwa na Carl Velten mwaka 1903, aliihesabu habari ya chuo kuwa sehemu ya desturi za watu wake. Mwanafunzi mdogo alianza na alifu na herufi nyingine, akaingia katika irabu, kisha sura fupi za mwisho wa Kurani, akaendelea mpaka kuhitimu. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake ubaoni au katika juzuu. Alimsomea mwalimu somo la jana, na likisihi alipewa jipya. Wakati huo wakubwa waliwasikiliza wadogo, na kwa kufanya hivyo walidurusu yale waliyokwisha kuyapita.

Neno darasa lina historia nyingine. Asili yake ni Kiarabu, na dars katika lugha hiyo ni somo. Maana hiyo imebaki katika darsa ya msikitini, ambapo mzee na kijana hukaa pamoja mbele ya sheikh. Lakini katika shule za serikali, zilizoanza Tanga chini ya Wajerumani katika miaka ya 1890 na kuendelezwa na Waingereza, darasa likawa kundi, kisha chumba, kisha ngazi ya mwaka. Waingereza walikuja na mazoea ya kwao: kanuni yao ya mwaka 1862 iliwagawa watoto katika viwango sita, na ruzuku ya shule ikategemea mtihani wa kila mtoto katika kusoma, kuandika na hesabu. Hivyo neno lililotaja kinachofundishwa likageuka kutaja wanaofundishwa.

Haifai kulisifu chuo kupita kiasi. Watoto wengi walihifadhi maneno ya lugha wasiyoielewa, na fimbo haikuwa mbali. Tena somo lilikuwa moja tu, na njia yake ilikuwa moja. Mwalimu wa leo ana hesabu, maarifa na lugha, na hawezi kumsikiliza kila mtoto peke yake katika yote.

Hata hivyo, mambo mawili yafaa yachukuliwe. La kwanza ni kuweka kumbukumbu ya mahali alipofika kila mtoto, na kuanzia hapo. La pili ni kumpa mkubwa wajibu wa kumsikiliza mdogo, kwa muda mfupi na kwa somo alilokwisha kulimudu, ili wote wawili wafaidike. Mwalimu akipanga siku yake hivyo, hatakuwa anaziba pengo la upungufu. Atakuwa anatumia utaratibu ambao pwani hii iliujua kabla neno darasa halijapata maana yake ya sasa.