Kibao Kipya Juu ya Ngazi

Mwaka jana rafiki yangu alibadilisha kibao cha ofisi yake hapa Nyeri mjini. Zamani kilisema "Ushauri Nasaha". Sasa kinasema "Kocha wa Maisha". Viti ni vile vile, hata thermosi ya chai ni ile ile. Nikamuuliza, kwani kimebadilika nini? Akacheka. "Watu wanapanda ngazi mchana siku hizi. Zamani walikuwa wanangoja giza."

Kuna sababu nyingine hajaitaja. Tangu 2014 Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia, yenye bodi, usajili na leseni. Kocha wa maisha ni cheo unachojipa mwenyewe. Ningeishia hapo nimcheke, lakini aibu ya zile ngazi ina historia.

Mwaka 1938 Baden-Powell, yule wa maskauti, alihamia Nyeri. Tayari mwaka 1922 alikuwa ameandika Rovering to Success, kitabu cha kuwafunza vijana wapige kasia wenyewe na kukwepa miamba ya maisha. Kocha kabisa huyo, ila hakuwa na TikTok. Alikufa 1941, na kaburi lake liko hapa hapa mjini.

Mwaka huo huo wa 1938, daktari J. C. Carothers alikabidhiwa hospitali ya Mathari, Nairobi, bila kuwa amebobea katika magonjwa ya akili. Mwaka 1954, vita vya Mau Mau vikiendelea, serikali ya kikoloni ilichapisha ripoti yake, The Psychology of Mau Mau. Humo Mkikuyu aliyeasi alichambuliwa kama mtu aliyevurugika akili, aliyekwama kati ya mila na usasa. Suala la ardhi likasukumwa kando. Carothers pia aliunga mkono watu wakusanywe vijijini, na kuanzia mwaka huo zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu kwenda vijiji vyenye ulinzi, Nyeri ikiwemo. Kwenye kambi za kizuizini, mfungwa alitakiwa kwanza akiri kiapo chake ndipo asogezwe karibu na nyumbani. Kusema yaliyokupata, hiyo ndiyo iliitwa tiba.

Shosho yangu alikulia katika kijiji cha aina hiyo. Mtu akija na faili na sauti ya upole kumuuliza anajisikiaje, jibu ni moja: "Tuko sawa." Halafu anamletea uji. Nilidhani ni ukaidi tu wa wazee. Siku hizi nadhani alijifunza mapema kwamba majibu huandikwa mahali.

Kocha yeye haulizi jana, anauliza kesho. Kwa watu wa huku mlimani hiyo ni nafuu kubwa, kwa hivyo simlaumu rafiki yangu kubadilisha kibao. Tatizo ni kwamba jana huja hata bila kuulizwa. Aliniambia kuhusu mzee mmoja aliyekuja apangiwe biashara ya maziwa, wiki ya tatu akaanza kulia na hakunyamaza hadi saa ikaisha. "Sikujua niko kazi gani," akasema.

Nilipoacha chuo alinipa kikao kimoja bure. Akaniuliza najiona wapi baada ya miaka mitano, nami nikajibu vizuri sana. Nilishuka ngazi na malengo matatu kwenye karatasi. Kuhusu ule muhula ambao sikutoka chumbani hakuuliza, na mimi sikusema.