Buriani za Wasioondoka

Tarehe 29 Juni 1960, siku moja kabla ya uhuru, serikali za Ubelgiji na Kongo zilitia saini mkataba wa urafiki ulioiachia Ubelgiji kambi mbili za kijeshi: Kitona, karibu na mahali mto Kongo unapoingia baharini, na Base ya Kamina, huku Haut-Lomami. Kamina haikuwa kambi ndogo. Tangu baada ya Vita Kuu ya Pili Wabelgiji walikuwa wamejenga hapo uwanja mkubwa wa ndege, karakana, nyumba za maofisa na shule ya marubani walionolewa kwa ndege za Harvard. Kesho yake Mfalme Baudouin alimsifu Leopold wa Pili mbele ya wabunge, Waziri Mkuu Lumumba akamjibu kwa hotuba iliyowachoma wageni, kisha mchana, mezani, Lumumba huyohuyo akasoma maneno ya shukrani kwa Ubelgiji ili kupoza hasira. Hotuba ya asubuhi ndiyo inayokumbukwa hadi leo. Lakini ile ya mchana ina mengi ya kutufundisha, maana ilimuaga mtu ambaye bado alikuwa na ufunguo wa nyumba. Tarehe 10 Julai wanajeshi wa Kibelgiji waliotoka Kamina walikuwa tayari Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, na siku iliyofuata Tshombe, mkuu wa jimbo la Katanga, akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Ilibidi Umoja wa Mataifa uingilie kati ndipo kambi itoke mikononi mwa Wabelgiji.

Husemwa mara nyingi kwamba siasa za Kongo hazijui kuwaenzi wanaostaafu. Sikubali. Sifa zimetolewa tele. Kilichokosekana ni mambo mawili: anayesifiwa awe ameondoka kweli, na heshima anayopewa isikae mfukoni mwa aliyemrithi. Tazama yaliyompata Kasa-Vubu. Jenerali Mobutu alipotwaa madaraka Novemba 1965, mwaka mmoja kamili baada ya makomando wa Kibelgiji kupitia tena Kamina wakielekea Stanleyville, tangazo la wakuu wa jeshi lilimpa Rais aliyepinduliwa kiti cha seneta wa maisha kwa kutambua utumishi wake. Mwaka 1967 katiba mpya ikaifuta Seneti yenyewe. Kasa-Vubu alifariki Boma mwaka 1969, akiwa seneta wa maisha wa baraza lisilokuwepo. Lumumba, ambaye wanajeshi wa Mobutu ndio waliomkamata, alitangazwa na Mobutu huyohuyo kuwa shujaa wa taifa mwaka 1966. Jason Sendwe, kiongozi wa chama cha Balubakat na wa Katanga ya Kaskazini, aliuawa Albertville mwaka 1964; jina lake liko kwenye hospitali kubwa ya Lubumbashi, mji ambao serikali ya Tshombe iliufanya makao yake, huku ikimhesabu Sendwe kuwa adui. Marehemu hadai kiti, ndiyo maana kumsifu hakumgharimu mtu.

Atatokea wa kupinga: hiyo ndiyo mila yetu, mtu husifiwa akishazikwa. Kwa Waluba wa eneo hili la Haut-Lomami hoja hiyo ina uzito. Mfalme alipofariki, makao yake yaligeuka kitenta, na mwanamke aliyeitwa Mwadi akashika nafasi ya roho yake, akaendelea kupokea heshima kama mwenye enzi. Ila mila hiyohiyo ikitazamwa vizuri inanipa nguvu mimi. Historia ya wafalme haikuachiwa mrithi. Ilishikwa na chama cha Mbudye, ambacho wakuu wake waliisoma kwa kupitisha vidole juu ya lukasa, kibao cha mbao kilichopangwa shanga, na walikuwa na uwezo wa kumbana hata mfalme aliye hai. Kitenta nacho kilikuwa makao yanayojitegemea, si chumba katika boma la mfalme mpya. Hakuna aliyetarajia mrithi ashike mwenyewe kumbukumbu za mtangulizi wake.

Katiba ya 2006 ilitaka kuiweka kisheria heshima ya anayeondoka: ibara ya 104 inawafanya marais wa zamani waliochaguliwa kuwa maseneta wa maisha, na sheria ya Julai 2018 ikaongeza marupurupu na kinga. Tarehe 24 Januari 2019 Joseph Kabila alimvika Félix Tshisekedi utepe wa urais, makabidhiano ya kwanza ya amani tangu uhuru, na pongezi zikamiminika. Lakini muungano wa Kabila ulibaki na wingi wa viti bungeni, nao mwafaka wa pande mbili ukavunjika Desemba 2020. Ni hadithi ya mkataba wa 1960 upya: buriani nzuri, ufunguo haujarudishwa. Mei 2025 Seneti ikamvua Kabila kinga, na Septemba mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifo bila yeye kuwepo, kwa uhaini na uhalifu wa kivita.

Hapa pana pingamizi zito zaidi: je, heshima ya kustaafu imkinge mtu asishtakiwe? Hapana. Kosa la sheria ya 2018 ni kufunga heshima na kinga katika fungu moja, hivyo kumfikisha mtu mahakamani kukageuka pia kumfuta katika historia. Tazama Tanzania: Nyerere aliacha urais mwaka 1985, akabaki na uenyekiti wa chama tawala, CCM, hadi 1990, na katika miaka hiyo mitano si rahisi kujua nani alimsifu kwa moyo na nani kwa woga. Baada ya hapo aliwakosoa waziwazi waliomfuata, hata kwa maandishi, na hawakuwa na cha kumnyang'anya.

Huku Kongo ibara ya 104 bado imesimama. Anayefuata kwenye foleni yake ni Rais aliyeko madarakani sasa, na Seneti atakayoingia ndiyo iliyopiga kura ile ya Mei 2025.